Harufu ya kuungua kwenye IST: usikubali hedi ifunguliwe bado

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Lushoto. Natumia Toyota IST ya mwaka 2005, injini ya 1.5, otomatiki. Karibu mwezi sasa nasikia harufu ya kuungua ndani ya gari. Inakuja zaidi nikiwa nimepanda kutoka Mombo, nikipunguza mwendo pale Soni, au nikisimama injini ikiwa inaunguruma. Nikiwa barabara kuu kuelekea Korogwe siisikii. Fundi wa kwanza alibadilisha breki pedi za mbele. Harufu haikuondoka, na tangu siku hiyo nikishuka mlima nasikia nyingine, kali kuliko ile. Fundi wa pili anasema ni gasketi ya silinda hedi, injini ifunguliwe. Gari halijawahi kuchemsha, hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi, ila oili naongeza mara kwa mara. Nifanyeje?

Jibu:

Marahaba, mwalimu.

Mwambie fundi wa pili asubiri kwanza. Katika yote uliyoandika sioni hata dalili moja ya gasketi ya silinda hedi, yaani kile kizibo kilicho kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku yake. Ninachoona ni harufu mbili, kila moja na chanzo chake. Ya kwanza, kwa kiasi kikubwa, naamini ni oili inayovuja kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu kabisa ya injini, na kudondokea ekzosi. Ya pili ni breki, na huenda imetokana na kazi ya fundi wa kwanza, au na namna unavyoushuka mlima, au vyote viwili. Nitakueleza nimefikaje hapo, ili ukienda kwa fundi uwe na cha kumwonyesha badala ya kusikiliza tu.

Watu wengi wakiniletea gari lenye harufu huniambia inanukaje: kama raba, kama chuma, kama karatasi. Hilo linasaidia, lakini pua hudanganyika, hasa mtu akishakuwa na wasiwasi. Linalonisaidia zaidi ni kujua inakuja saa ngapi, wapi, na unafanya nini wakati huo. Wewe umenieleza hayo bila kuulizwa, ndiyo maana naweza kukujibu bila kuliona gari.

Tazama ulivyoandika. Harufu inakuja baada ya kupanda, ukipunguza mwendo au ukisimama. Ukikimbia kwenye barabara tambarare haipo. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo unaingia mbele, unapita kwenye rejeta na injini, kisha unatoka chini na kubeba kila kinachofuka. Ukisimama, upepo huo haupo. Moshi unapanda wima, unafika kwenye yale matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapolala, na hapo ndipo feni ya AC inapovuta hewa ya kukuletea wewe ndani. Harufu ya namna hiyo, inayojitokeza gari likitulia, mara nyingi inatoka chini ya boneti, na ni kitu kinachodondokea sehemu ya moto.

Sasa weka na umbo la injini yako. IST ya 1.5 ina injini ya 1NZ-FE. Kwenye Corolla 110 za zamani ekzosi ilikaa mbele, upande wa rejeta, hivyo oili ikivuja unaiona mara tu ukifungua boneti. Kwenye 1NZ mambo yamegeuka: mbele kuna manifoldi ya plastiki ya kuingizia hewa, na ekzosi iko nyuma, imeelekea ukuta unaotenga injini na miguu yako. Tapeti kava ikivuja upande wa nyuma, oili inateremka moja kwa moja hadi kwenye chuma cha ekzosi, sentimita chache tu kutoka kwenye matundu ya hewa. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na uvujaji huu miezi mingi. Mbele injini inaonekana safi, fundi anainama, anaangalia, anasema hakuna kitu.

Na umesema oili unaiongeza mara kwa mara. Hiyo sentensi uliiweka mwisho kama jambo dogo. Kwangu ndiyo iliyonipa jibu.

Jaribio la kwanza halihitaji fundi. Kwenye sehemu ya AC kuna kitufe chenye mchoro wa gari na mshale unaozunguka ndani yake. Siku harufu ikija, kibonyeze ili hewa ya nje isiingie, vioo vikiwa vimefungwa. Ikipungua ndani ya dakika mbili tatu, chanzo kiko nje ya chumba cha abiria, na kwa gari lako naweza kusema kiko chini ya boneti. Ikibaki vilevile au ikiongezeka, basi kuna kitu kinaungua ndani, nyuma ya dashibodi, na hapo barua hii inabadilika kabisa. Nitarudi kwenye hilo.

Jaribio la pili lifanye asubuhi, injini ikiwa baridi. Washa tochi ya simu, weka kamera ya video, ishushe nyuma ya injini katikati ya tapeti kava na ule ukuta, kisha rekodi polepole kutoka kushoto hadi kulia. Jicho lako halifiki huko, lakini simu inafika. Ukitazama video utafute unyevunyevu mweusi kwenye mstari ambapo kava imekaa juu ya hedi, na madoa ya kahawia yaliyokauka kwenye bati linalofunika ekzosi. Ukiviona vyote viwili, kesi imekaribia kuisha.

Kama kumeshachafuka kiasi kwamba huwezi kujua uvujaji unaanzia wapi, pasafishwe kwanza kwa kitambaa na sabuni ya kuondoa grisi, injini ikiwa imepoa kabisa. Tafadhali usiruhusu mtu asafishe kwa petroli. Najua inafanyika kwenye gereji nyingi, na najua inatoa uchafu vizuri. Mvuke wa petroli unakaa kwenye pembe za injini, na cheche moja ya betri inatosha. Vilevile usipeleke kwenye mashine ya maji ya presha. Maji yanaingia kwenye alteneta na kwenye visima vya plagi, ukarudi nyumbani gari likimisi. Pakishakauka, nyunyiza poda ya mtoto kwenye mstari wa gasketi, endesha siku moja, kisha angalia tena. Oili itachora njia yake juu ya ule weupe, na utaona inaanzia juu au inatoka kwingine.

Dawa yake ni gasketi ya tapeti kava, kipande cha raba ambacho baada ya miaka mingi ya joto kimekuwa kigumu kama plastiki. Kazi ya saa mbili hivi kwa fundi asiye na haraka. Kuna mambo ambayo ningeomba uyasimamie, kwa sababu hapo ndipo gasketi mpya inapovuja tena ndani ya mwezi.

La kwanza ni kubana. Bolti za kava hii zinabanwa kwa nguvu ndogo sana, kama Nm 10 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kubana). Fundi mwenye mkono mzito akidhani anakusaidia, anakata bolti au anaipinda kava, na hapo gasketi haitakaa tena. La pili ni ile sehemu ambapo kava ya cheni ya taimingi inakutana na hedi. Pana maungio mawili, moja kila upande, na gasketi peke yake haizibi pale. Panahitaji tone la silikoni ya injini, tone tu. Ninachokataa ni kupakaza silikoni gasketi nzima kama siagi kwenye mkate. Vipande vyake vinakatikia ndani na kwenda kuziba kichujio cha oili kule chini kwenye sampu, karai la oili.

La tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote: valvu ya PCV, kile kidude kidogo kilichochomekwa kwenye kava na kuunganishwa na mpira wa hewa. Kazi yake ni kuutoa mvuke unaojaa ndani ya injini na kuurudisha ukachomwe. Ikiziba, presha inabaki ndani na kutafuta pa kutokea, na inapopata ni kwenye gasketi. Mwambie fundi aitoe na kuitikisa. Ikilia kachakacha, ina uhai. Ikiwa kimya, imeganda na masizi, ibadilishwe siku hiyohiyo. Nimeona gasketi tatu zikiwekwa kwenye gari moja kwa sababu hakuna aliyegusa valvu hii.

Ukishatengeneza, usishtuke harufu ikiendelea siku kadhaa. Oili iliyokwisha kunyonywa na uchafu wa ekzosi lazima iungue iishe. Ikizidi wiki mbili, rudi.

Wakati unasubiri, pima oili kila wiki gari likiwa limesimama tambarare, injini imezimwa dakika chache. Injini hii inabeba lita 3.7 tu pamoja na filta. Ukipoteza lita moja umepoteza zaidi ya robo ya damu yake, na mlima wa Soni hauna huruma na injini yenye oili pungufu. Taa nyekundu ya oili usiisubiri ikuonye. Ikiwaka ujue presha imeshaondoka.

Kuhusu gasketi ya silinda hedi: ikiharibika huwa kuna ushahidi. Maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovujia, gari linachemsha, moshi mweupe unatoka kwenye ekzosi hata injini ikiwa imepata moto, mapovu yanatokea kwenye rejeta, au oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Fungua kifuniko cha kuwekea oili asubuhi na utazame chini yake. Hata hivyo, utando mwembamba mweupe pale peke yake usikutishe, maana Lushoto kuna baridi na unyevu, na safari fupi huacha mvuke. Wewe umesema gari halijawahi kuchemsha. Muulize fundi huyo ni dalili ipi kati ya hizo aliyoiona. Akikosa jibu, hedi ibaki ilipo.

Tuje kwenye harufu ya mlimani, ile iliyoanza baada ya pedi kubadilishwa.

Pedi mpya hutoa harufu kwa kilomita mia mbili tatu za mwanzo, kwa sababu gundi iliyomo inapata moto kwa mara ya kwanza. Hiyo si kasoro. Lakini mtu aliyefungiwa pedi mpya Lushoto na kushuka Mombo siku hiyohiyo amezipa mtihani wa mwisho kabla ya somo la kwanza. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33, na unateremka takribani mita 1,000. Chukua gari lako na watu wanne, kama kilo 1,300 kwa jumla. Kama nguvu yote ya mteremko huo ingemezwa na breki peke yake, ingetosha kuchemsha karibu ndoo mbili za maji za lita 20. Joto hilo lote liende kwenye vyuma vinne vidogo nyuma ya tairi! Kwa hiyo usishuke kwenye D mguu ukiwa umelala juu ya breki. Zima O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) kabla hujaanza kuteremka, na kwenye kona kali rudisha gia hadi 2, injini ishike gari. Itanguruma, sindano ya mzunguko itapanda, na haina madhara. Breki ikanyage kwa nguvu kiasi, kwa muda mfupi, uiachie ipate hewa, kisha tena.

Ukishuka hivyo na harufu bado ipo, nashuku kalipa, kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski. Kila kalipa ya mbele inateleza juu ya pini mbili zilizofunikwa na vimpira. Fundi anayebadilisha pedi anatakiwa azitoe, azisafishe, na kuzipaka grisi ya breki, maana grisi ya kawaida inayeyuka na kuvimbisha vile vimpira. Akiruka hatua hiyo, pini kavu inakwama, na pedi inabaki imeshika diski hata ukiwa umeachia mguu. Pima hivi: barabara kuu, tambarare, endesha kama kilomita 10 ukigusa breki kidogo iwezekanavyo, kisha liache gari lipoteze mwendo lenyewe hadi lisimame. Shuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto la wazi kuliko mwenzake wa upande wa pili, umempata. Ikiwa ni za nyuma, angalia hendibreki kwanza. IST ina dramu nyuma, na kebo iliyochoka hairudi hadi mwisho.

Na maji ya breki yalibadilishwa lini? Kama huwezi kukumbuka, badilisha. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yanavuta unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yaliyokwisha kunyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka kwenye mteremko yanatoa mapovu, nawe unakanyaga pedali inazama hadi chini. Kwa mtu anayetumia barabara ya Lushoto kila wiki, mimi ningeweka DOT 4, inayovumilia joto zaidi, na kuibadilisha kila baada ya miaka miwili. Siku ukihisi pedali inalainika huku harufu ikipanda, shusha gia, toka pembeni mahali salama, simama nusu saa. Usimwagie rimu maji, diski inapinda.

Sasa narudi kwenye jaribio la kitufe, kama harufu haikupungua.

Harufu ya plastiki au waya ndiyo pekee ambayo sitaki uendelee nayo hata kilomita moja. Inachoma pua kwa ukali, haifanani na oili, na mara nyingi inakuja pamoja na kitu ulichowasha: taa, AC, redio, chaja. Niliwahi kuletewa Noah iliyonuka plastiki kila usiku na kuwa nzima kila mchana. Fyuzi ya bluu, ya ampia 15, ilikuwa inakatika mara kwa mara, basi mtu fulani akaweka ya kijani, ya 30, tatizo likaisha. Liliisha kwa maana kwamba fyuzi haikukatika tena. Fyuzi imewekwa pale ife kabla ya waya. Ukiweka inayobeba mara mbili, waya ndiyo inageuka fyuzi, na waya iko nyuma ya dashibodi imefungwa pamoja na nyingine ishirini. Tulipofungua, fungu zima lilikuwa limeyeyuka na kushikana. Mwenye gari alikuwa akibeba watoto wa shule kila siku.

Kwa hiyo fungua kisanduku cha fyuzi, linganisha namba na zilizoandikwa kwenye kifuniko. Nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ukikuta isiyo yake, au karatasi ya fedha, au kipande cha waya, umepata pa kuanzia. Angalia pia kila kilichoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani: alamu, redio, taa za nyongeza. Na kama feni ya AC imeacha kufanya kazi namba za chini na inapuliza namba ya mwisho tu, rizista yake, kile kidude kinachopunguza kasi ya feni, imeungua. Soketi yake huwa imeyeyuka pia, zibadilishwe pamoja.

Ikitokea harufu hiyo njiani, toka barabarani, zima gari, shusha watu wote, wasogee mbali. Kama hakuna moshi, fungua nati ya betri upande wa hasi. Kuwa na spana namba 10 kwenye gari. Kama moshi unatoka chini ya boneti, usiinue boneti, kwa sababu hewa utakayoingiza ndiyo moto unaoitafuta. Pulizia kizimamoto cha poda kupitia mwanya wa pembeni, na piga 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Leo hii ukimaliza kusoma, nenda kaangalie sindano ya kizimamoto chako kama iko kwenye kijani. Wengi wanacho kwa ajili ya askari wa barabarani tu.

Nyingine nitazipitia haraka, kwa kuwa hazifanani na ulichoeleza. Harufu tamutamu pamoja na ukungu kwenye kioo ni kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), mara nyingi kutoka rejeta ndogo ya hita. Na kwa kuwa uko juu, ujue maji matupu Lushoto yanachemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Weka kulanti halisi na kifuniko cha rejeta kinachoshika presha. Harufu ya yai bovu inatoka kwenye masega ya ekzosi (katalisti inayosafisha moshi), na ikija pamoja na injini kumisi, shughulikia plagi na koili mapema, kwani petroli isiyoungua inaenda kuungulia mle na masega yanawaka mekundu. Raba pamoja na mlio wa kukwaruza ukiwasha AC ni feni belti au beringi ya moja ya puli. Na kabla ya yote, inama chini ya gari: nimeshatoa mfuko wa plastiki ulioganda kwenye ekzosi, na nyasi kavu pia. Usiegeshe juu ya nyasi kavu ukitoka kupanda mlima.

Mpangilio wangu kwako ungekuwa huu: kesho asubuhi video ya nyuma ya injini na kisanduku cha fyuzi. Siku ukienda Korogwe, pima joto la rimu. Ukiwa na hayo mawili, tafuta fundi wa kufungua tapeti kava na kalipa za mbele siku moja, umnunulie mwenyewe gasketi, valvu ya PCV na grisi ya breki. Ukishaiona hiyo video niandikie, unitajie pia ni rimu ipi iliyokuwa na joto zaidi, na kama PCV ililia ilipotikiswa.